Nani Mwenyeji? Kriketi ya Wanawake kutoka Doha hadi Kigali

Ukiuliza habari za michezo hapa Al Sadd, utajibiwa kwa neno moja: mpira. Klabu ya Al Sadd, iliyoanzishwa mwaka 1969, ndiyo iliyolitangaza jina la mtaa huu nje ya Qatar. Uwanja wa Jassim bin Hamad uko hapa hapa, na wapo wenzetu klabuni ambao hadi leo wanahesabu miaka ya utoto wao kwa misimu ya Xavi. Kriketi ni habari nyingine. Kriketi ni mambo ya Ijumaa asubuhi kwenye maegesho ya magari, pale vijana wa Kihindi, Kipakistani na Kibangladeshi wanapocheza kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe, na kusimama kila gari linapotaka kupita. Katika mchezo huo wa maegesho hutamwona msichana.

Hata hivyo jiji hili limewahi kuandaa mashindano ya kimataifa ya kriketi ya wanawake, na zaidi ya mara moja. Ninaandika habari zake kwa sababu naona zinatuhusu sisi wa klabu hii kuliko mpira wote wa Al Sadd, ingawa kwenye vikosi vilivyocheza hapa hakukuwa na timu ya Afrika Mashariki. Zinatuhusu kwa sababu ya neno moja letu wenyewe.

Neno hilo ni mwenyeji. Kiswahili kinalitumia kwa watu wawili tofauti. Wa kwanza ni yule wa mahali hapo, aliyezaliwa au aliyepazoea. Wa pili ni yule anayepokea wageni. Wazee waliolizoea neno hilo hawakuona shida, maana kwao anayepokea wageni ndiye mwenye mji. Kwenye michezo ya siku hizi maana hizo mbili zimeachana, na hapa Doha ziliachana waziwazi mwezi Januari mwaka 2014.

Mwezi huo timu tatu za wanawake, Pakistan, Afrika Kusini na Ireland, zilikutana kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Kriketi wa West End Park, upande wa Asian Town, mbali kidogo na huku kwetu. Zilicheza mashindano mawili mfululizo: kwanza ya ova 50, kisha ya ova 20. Mwenyeji rasmi alikuwa Bodi ya Kriketi ya Pakistan. Si Qatar. Kwenye karatasi, Pakistan walikuwa nyumbani.

Ili kuelewa ilikuwaje Wapakistani wawe nyumbani Doha, turudi Lahore, tarehe 3 Machi 2009. Asubuhi hiyo watu wenye silaha walilishambulia basi la timu ya wanaume ya Sri Lanka lililokuwa likielekea Uwanja wa Gaddafi. Polisi sita na raia wawili waliuawa, na wachezaji kadhaa wakajeruhiwa. Tangu siku hiyo, kwa miaka mingi, timu kubwa hazikukubali kukanyaga Pakistan. Wanaume walihamia Falme za Kiarabu na kuzigeuza Dubai, Sharjah na Abu Dhabi kuwa viwanja vyao vya nyumbani. Wanawake nao walihitaji pa kuchezea. Doha ilikuwa na uwanja mpya, na ilikuwa na watu wanaoujua mchezo: madereva, mafundi, wahasibu na wauguzi kutoka Asia ya Kusini, ambao idadi yao katika nchi hii inawazidi raia wenyewe kwa mbali.

Timu hiyo ya Pakistan, chini ya nahodha Sana Mir, ilikuwa na historia ya kutafuta nafasi hata kabla ya Lahore. Kriketi ya wanawake nchini kwao ilianzishwa na madada wawili wa Karachi, Shaiza na Sharmeen Khan, ambao walikabiliana na kesi na vitisho kabla ya kuipeleka timu New Zealand kucheza mechi za kwanza za kimataifa mwaka 1997. Kwa hiyo wanawake waliocheza hapa walikuwa wageni mara mbili: mchezoni, na ugenini walikoitwa wenyeji. Qatar nayo ndiyo kwanza ilikuwa imepeleka wanawake kwenye Olimpiki, London 2012, ambako mlengaji shabaha Bahiya Al-Hamad alibeba bendera. Miezi kumi na minane baadaye wanawake wa nchi tatu walikuwa wakirusha mipira West End Park.

Hapa niseme jambo ambalo wanaume wanaopenda kriketi hulisahau. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilikuwa la wanawake. Lilichezwa Uingereza mwaka 1973, miaka miwili kabla ya lile la wanaume, kwa fedha za tajiri mmoja, Jack Hayward, na kwa ushawishi wa nahodha wa Uingereza, Rachael Heyhoe Flint. Ukiangalia orodha ya timu saba zilizoshiriki utakuta Australia, New Zealand, Uingereza, Jamaika, Trinidad na Tobago, halafu mbili za ajabu: Vijana wa Uingereza, na timu iliyoitwa tu ya Kimataifa, iliyokusanya wachezaji wa huku na huku bila bendera yoyote. Na mwaka 1975, wanaume walipopata lao, Afrika yetu iliwakilishwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilipoteza mechi zake zote tatu. Lakini ilikuwepo, bila nchi nyuma yake. Nadhani kriketi haijawahi kuwa na uhakika sana na suala hili la nani ni wa wapi, labda kwa kuwa ilisafirishwa na dola ambayo nayo haikujua inapoishia.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2018. Hadi wakati huo, mechi ya wanawake ya ova 20 ilihesabiwa kuwa ya kimataifa iwapo tu timu zilikuwa katika kundi dogo la nchi zilizokubaliwa. Mwezi Aprili mwaka huo Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2018 mechi yoyote ya ova 20 baina ya timu za wanawake za nchi wanachama ingekuwa ya kimataifa kamili. Wanachama walikuwa 104. (Kwa wasioujua mchezo: ova moja ni mipira sita, kwa hiyo kila timu hurushiwa mipira 120, na mechi huisha kwa saa tatu hivi. Wanaosema kriketi huchukua siku tano wanazungumzia mchezo mwingine wa jina hilo hilo.) Siku chache baada ya tarehe hiyo Uganda walikuwa Uholanzi wakicheza mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia, wakiwa mabingwa wa Afrika waliofuzu kutoka Windhoek mwaka uliotangulia.

Ndipo Januari 2020, kwenye uwanja ule ule wa West End Park, Qatar ikaandaa mashindano yake yenyewe. Zilikuja Kuwait na Oman. Safari hii mwenyeji kwenye karatasi na mwenyeji wa mahali walikuwa nchi moja, na wanawake walivaa jezi za Qatar. Lakini ukiyasoma majina ya kikosi unaona kwamba wengi wao ni mabinti wa familia za Asia ya Kusini, wale wale ambao kaka zao wanacheza kwenye maegesho Ijumaa. Hawana pasipoti ya Qatar. Wana iqama, kama mimi.

Wanaruhusiwaje? Kanuni za ICC zinatoa milango mitatu: umezaliwa katika nchi hiyo, au una uraia wake, au umeishi humo miaka mitatu. Nilipousoma mlango wa tatu nilicheka peke yangu maktaba, maana nilimsikia bibi yangu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. ICC wamezigeuza siku kuwa miaka, na jembe kuwa gongo. Sheria ya uraia ya Qatar, namba 38 ya mwaka 2005, ina hesabu tofauti kabisa: miaka 25 mfululizo, na wanaopewa wasizidi 50 kwa mwaka. Siandiki haya kwa kulalamika. Kila nchi ina haki ya kupanga hesabu zake, na nchi ndogo yenye wageni wengi kiasi hiki ina sababu zake. Ninachotaka tukione ni umbali wa hesabu hizo mbili. Msichana aliyekuja Doha na wazazi wake akiwa darasa la tano anaweza, akiwa darasa la nane, kuimbiwa wimbo wa taifa uwanjani akiwa amevaa jezi ya nchi, kisha jioni akarudi nyumbani ambako kukaa kwake kunategemea mkataba wa kazi wa baba yake. Mchezo umempa jembe. Shamba ni suala jingine.

Sasa niwavushe bahari hadi Kigali, kwa sababu huko swali hili lilijibiwa kinyume chake.

Rwanda ilitawaliwa na Wajerumani kisha Wabelgiji, na hakuna aliyewafundisha watu wake kriketi. Mchezo uliingia baada ya mwaka 1994, mikononi mwa vijana waliorudi kutoka uhamishoni. Walikuwa wamekulia Uganda, Kenya na Tanzania wakiwa watoto wa wakimbizi, wakasoma shule ambako kriketi ilichezwa, na waliporudi katika nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona walirudi na lugha za walikotoka, Kiswahili kikiwemo, na magongo. Chama chao cha kriketi kilianzishwa mwaka 1999. Uwanja waliopata ulikuwa Kicukiro, kwenye viwanja vya shule ya ufundi iliyojulikana kama ETO. Anayeijua historia ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi analijua jina hilo. Watu zaidi ya 2,000 walikuwa wamekimbilia hapo chini ya ulinzi wa askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili 1994 askari hao waliondoka, na wengi wa waliobaki wakauawa siku hiyo hiyo. Juu ya ardhi hiyo ndiko watoto wa Rwanda walikojifunza kurusha mpira.

Mwaka 2014, miaka ishirini baadaye, na miezi michache tu baada ya Wapakistani kuwa "nyumbani" Doha, Rwanda ilianzisha mashindano ya kimataifa ya wanawake ya ova 20 na kuyapa jina Kwibuka. Hatuhitaji kamusi: ni kukumbuka kwetu, limepinda kidogo mdomoni mwa jirani. Yanachezwa karibu kila mwaka mwezi Juni, ndani ya zile siku mia moja za maombolezo. Kutoka Kicukiro yalihamia Gahanga, uwanja uliofunguliwa mwaka 2017. Baadhi ya fedha za kuujenga zilitafutwa kwa njia ambayo mpaka leo naiona ya kichaa na ya kupendeza: mwezi Mei 2016 nahodha wa wanaume, Eric Dusingizimana, alisimama akipiga mipira kwa saa 51 na kuvunja rekodi ya dunia.

Mashindano ya mwaka 2019 ndiyo yaliyojulikana zaidi duniani, na sababu yake inanikera. Mali walialikwa. Ni nchi ambayo kriketi haijakolea, na timu ilikuwa changa mno. Tarehe 18 Juni Mali walitolewa wote kwa mikimbio 6 mbele ya Rwanda. Mitano kati ya hiyo ilikuwa ya ziada, na ule mmoja ulipigwa na Mariam Samake. Rwanda walihitaji mipira minne tu kumaliza kazi. Siku mbili baadaye Uganda waliwapiga mikimbio 314 kwa wiketi mbili, Prosscovia Alako akifunga 116 na Rita Musamali 103 bila kutolewa, kisha wakawatoa Mali wote kwa 10. Tanzania nao wakapiga 285, Fatuma Kibasu akiwa na 108 bila kutolewa. Magazeti ya nchi ambazo hazijawahi kuandika mstari mmoja kuhusu kriketi ya wanawake wa Afrika yakaandika, kwa kucheka. Wengine wakauliza kama ICC haikukosea kuwapa kila mtu hadhi ya kimataifa. Tanzania walichukua kombe mwaka huo, lakini hilo halikusafiri mbali kama ile 6.

Mimi nasimama upande wa wasichana wa Mali. Kuna mahali pa kuanzia, na wengi wetu huanzia gizani bila kuandikwa. Wao walianzia hadharani, tarakimu zikabaki. Isitoshe, Rwanda waliokuwa upande wa pili siku hiyo walikuwa wanafunzi wa jana. Januari 2023, kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 19 huko Afrika Kusini, Rwanda waliwafunga Zimbabwe, kisha West Indies. West Indies! Na mwezi Juni mwaka huo huo wakashinda Kwibuka kwa mara ya kwanza, baada ya kuwafunga Uganda fainali. Kombe lililobeba kumbukumbu zao lilikuwa limekaa kwa majirani miaka yote hiyo.

Ile rekodi ya Uganda, 314, ilikuja kuvunjwa huku kwetu Ghuba. Machi 2022 timu sita za nchi za Ghuba, Qatar ikiwemo, zilikutana Al Amerat karibu na Muscat. Bahrain na Saudi Arabia zilikuwa ndiyo kwanza zinaingiza timu za wanawake uwanjani kimataifa. Tarehe 22 zilipokutana, Bahrain walipiga 318 kwa wiketi moja. Mikimbio 161 kati ya hiyo ilikuwa ya Deepika Rasangika, ambaye hakutolewa. Rasangika alikuwa amewahi kuichezea Sri Lanka. Alikuja Bahrain, akakaa, akapita mlango wa tatu, na rekodi ikaandikwa jina la Bahrain.

Kwa hiyo rekodi hiyo hiyo moja imepita mikononi mwa aina mbili za wasafiri. Kigali, mchezo ulitoka kwa watu waliokuwa wageni ugenini wakarudi nao kwao, na kurudi kwao ndiko kulikoufanya uwe wa Rwanda. Doha, Manama na Muscat, mchezo umeletwa na wageni ambao hawajarudi kwao, na wala hawajawa wa hapa. Wa Kigali leo anaitwa mwenyeji kwa maana zote mbili. Wa Doha ni mwenyeji saa tatu, mpaka ova ya ishirini iishe. Wenzetu wa Oman wataniambia kwamba wao wanazijua pande zote, na ni kweli: familia zilizotoka Zanzibar baada ya 1964, na nyingine nyingi zilizorudi Muscat baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, zilirudi na Kiswahili kama Wanyarwanda walivyorudi na magongo. Zilikuwa na mlango wa pili, wa pasipoti. Lugha ikapata kwao. Wengi wetu wa Al Sadd tuliozaliwa hospitali za Doha tunasema Kiswahili ambacho Mombasa wanatucheka, na Kiarabu ambacho hapa wanatuuliza tumejifunzia wapi.

Mambo haya hayajaisha. Oktoba 2024 Kombe la Dunia la wanawake la ova 20 lilichezwa Dubai na Sharjah, na New Zealand wakalichukua kwa mara ya kwanza. Mwenyeji rasmi alikuwa Bangladesh. Machafuko ya kisiasa Dhaka katikati ya mwaka huo yaliwafanya waandaaji wayahamishe mashindano, na Bangladesh wakawa wenyeji kwenye nyumba ya kupanga, kama Pakistan miaka kumi kabla yao. Miezi michache kabla, Uganda nao walikuwa Abu Dhabi kwenye mashindano ya kufuzu. Hawakufuzu. Ila walikuja, na walikuwa wageni wa kawaida kabisa, wenye tiketi za kurudi Entebbe.

Nina ombi kwa wanaklabu. Matokeo ya mechi za Januari 2014 na Januari 2020 yapo, mpira kwa mpira, yeyote anaweza kuyasoma. Kisichoandikwa ni nani alikaa jukwaani West End Park. Naamini kati ya wazazi wetu, shangazi zetu na majirani wapo waliokwenda, maana kiwanja cha jiji hili hakikosi Mkenya wala Mtanzania. Kama nyumbani kwenu kuna picha, kipande cha tiketi, au mama anayekumbuka jinsi alivyofika huko na alimshangilia nani, leteni kwenye mkutano wa mwezi ujao hapa Al Sadd. Nitakuja na kinasa sauti. Na yule binamu wa mwanaklabu mwenzetu ambaye anacheza kriketi shuleni, aje pia, hata kama hajatimiza miaka mitatu.